Kuna mtu anakoroma darini

Mwaka jana kuna wiki nzima tulikuwa tunasikia mtu anakoroma juu ya dari. Sio utani, mtu mzima kabisa, krrrr, krrrr, kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri, watoto wakahamia chumbani kwetu na magodoro yao. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea hapa Morogoro, yeye wala hakuuliza, alichota chumvi akaitupa kwenye jiko la mkaa akasema "mwanangu, hapa kuna kitu kimetumwa".

Mume wangu akapanda na tochi. Vifaranga vya bundi, vinne, vyeupe kama pamba, vimejibanza kwenye kona vinakoroma kwa njaa vinamsubiri mama yao. Hicho ndo kilichotumwa.

Sasa nikiri, mi mwenyewe nilikuwa namuogopa bundi kuliko hao watoto. Nimekulia nyumba ambayo bundi akilia watu wazima wananyamaza, halafu asubuhi anatumwa mtu kwenda kuulizia wagonjwa. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukitaka mtoto asimuogope bundi anza na wewe, maana ukimwambia mtoto "bundi ni ndege tu" huku umembana mkono mpaka vidole vinamuuma, hapo ameshapata jibu lake.

Kilichotusaidia sio maneno, ni madonge. Chini ya tundu wanalopitia, nyuma ya stoo, kulikuwa kumejaa vidonge vyeusi saizi ya kidole gumba. Bundi anameza panya mzima mzima, halafu manyoya na mifupa ambayo tumbo limeshindwa kusaga anavitapika vikiwa vimefungana donge. Nikavaa glavu, nikayaloweka kwenye beseni la maji ya moto, yalipopoa watoto nao nikawavalisha glavu, nikawapa vijiti vya meno wachambue. Binti yangu wa darasa la tatu akatoa fuvu zima la panya, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa, akatoa la pili, akatoa la tatu, kwenye donge moja! Akaniangalia, "mama, kumbe huyu ndo anawala wale wanaotoboa mfuko wa unga?"

Baada ya hapo maswali hayakuisha. Mbona anageuza kichwa vile? Kwa sababu macho yake hayazunguki, yamekaa kama yamepigiliwa misumari, inabidi azungushe shingo, nayo inafika robo tatu ya duara. Mbona hasikiki akiruka? Ukingo wa bawa lake una vimeno kama kitana vinavyoua sauti ya upepo, ili panya asimsikie. Hebu fikiria uko njiani usiku, kitu cheupe kinapita juu ya kichwa chako kimyaaa, kinatokea kwenye gofu la nyumba au makaburini ambako panya ni wengi. Kwa kweli waliosema ni mchawi siwashangai, na watoto niliwaambia hivyo hivyo, watu hawakuwa wajinga, waliona kweli ila hawakupanda darini.

Ila nilikosea sehemu moja, na hili naomba ulisome vizuri. Nilinogewa. Nikaanza kusema mjusi hana shida, kinyonga hana shida (kweli hao hawana sumu, na mjusi anakula mbu), nyoka naye "akiachwa hana shida". Wiki mbili baadae namkuta mdogo wake yule binti, miaka mitano, kachuchumaa karibu na bomba, anamwambia nyoka "usiogope". Nyoka kainua kichwa, shingo kaipanua. Swila! Yule anatema sumu machoni, hana haja hata ya kukung'ata. Nilimvuta mwanangu kwa shati mpaka vifungo vikakatika, nikatetemeka siku nzima.

Yaani nilikuwa nimetoa uongo mmoja nikaweka mwingine. Siku hizi tunauliza maswali mawili mbalimbali: ni mchawi? na, anaweza kukuumiza? La kwanza jibu ni hapana kila siku. La pili inategemea, na nyoka yeyote yule mtoto arudi nyuma taratibu aite mtu mkubwa, asianze kukagua ni wa aina gani. Popo vile vile, wengine wanakula wadudu, wengine wanachavusha mibuyu, lakini aliyeanguka chini hashikwi na mkono, anang'ata na anaweza kukuachia ugonjwa.

Halafu bibi zao msiwavunjie heshima. Binti alipoanza "bibi muongo" nilimkata hapo hapo, nikamwambia nenda kamuite bibi aje aone. Akaja, akakaa kwenye kigoda, akageuza fuvu moja kiganjani muda mrefu, akasema "hawa ndio walionimalizia mahindi".

Chumvi bado anatupa. Ila juzi kapiga simu kutoka kijijini, baada ya shikamoo na habari za wajukuu akauliza wale wakoromaji wetu wamehamia wapi, maana kwenye kihenge chake panya wamerudi.