Kliniki ya kifafa kwa simu, itamfaa mwanangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 17, ana kifafa tangu mdogo. Sasa kliniki wametuambia tutakuwa tunaonana na daktari kwa simu ya vidio. Mwenyewe kafurahi kweli, maana kuna siku alianguka ndani ya basi abiria wakasogea pembeni wote hakuna wa kumshika, tangu hapo safari anaziogopa. Mimi ndo nina wasiwasi, mtu anatibiwaje kwa simu? Naona kama wanatutelekeza.

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa hilo la kwenye basi. Hapana, hawajawatelekeza. Kifafa daktari anakijua zaidi kwa maelezo, maana siku ya kliniki mgonjwa anakuja mzima haanguki pale, kinachotusaidia ni kuambiwa ilianzaje, macho yaligeukia wapi, mkono upi ulianza kucheza, ilichukua dakika ngapi, alipozinduka alikujua au alichanganyikiwa. Yote hayo yanasemeka kwenye simu, tena nyumbani aliyeshuhudia yupo hapo hapo anaongea mwenyewe, wakati kliniki mara nyingi anasindikiza mtu ambaye siku hiyo hata hakuwepo.

Akianguka tena mlaze kwa ubavu kwanza, usimtie kitu mdomoni, halafu mwingine arekodi vidio, uso na mwili wote uonekane, msimfunike shuka, mwite jina tuone kama anaitika. Vidio ya hivyo naipenda kuliko kurasa nzima za maelezo. Ila ikipita dakika 5 hajatulia, au kinakuja kingine kabla hajazinduka, achana na simu ya kliniki, mkimbize hospitali.

Kuna vitu simu haiwezi mama. Kipimo cha umeme wa ubongo, MRI (ile picha ya ndani ya ubongo), damu, hivyo lazima aende. Mtu anayeonwa mara ya kwanza kabisa mimi napenda aje nimuone, na kuanguka kukibadilika kukawa kwa namna nyingine, pia aje. Na kama anatumia fenitoini, dawa mojawapo ya kifafa, dozi ikizidi anayumba akitembea na macho yanachezacheza, kwenye kioo kidogo cha simu hilo linapita bila kuonekana.

Na ombi moja kwako, nalisema kwa upendo. Kijana wa miaka 17 ana mambo hawezi kuyasema ukiwa umekaa pembeni, dozi alizoruka, pombe, msichana, au kwamba amechoka kuishi. Mpe spika za masikioni, toka, funga mlango, mwachie muda wake na daktari.

SWALI: Mimi ni tabibu kwenye kliniki ya kifafa. Wagonjwa wengine wameipenda simu mpaka nikiwaita waje hawaji, wengine wana simu za batani hata vidio hazina, na mtandao ukikata naachwa hewani. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu nakuelewa, na wewe una haki ya kusema huyu siwezi kuamua tiba yake bila kumpima kwa mikono yangu. Mwambie mapema, siku ile ile mnapokubaliana habari ya simu, kwamba kwa vipimo fulani na mwezi fulani atakuja mwenyewe, akishajua kabla hatoona kama anaadhibiwa. Mwanamke anayetumia valproeti akiwaza kushika mimba usimwache kwenye simu za kawaida, hiyo dawa inamdhuru mtoto tumboni, mwite mapema mpange, na mwonye asiiache ghafla mwenyewe.

Simu ya batani isikukatishe tamaa, kwa ufuatiliaji sauti inatosha kwa wengi. Usiulize "unameza dawa?" maana wote watasema ndiyo, mwambie alete pakiti ahesabu vidonge vilivyobaki wewe ukisikiliza. Hapo ndo kazi ilipo, Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wanaishi na kifafa na hadi asilimia 70 wangeweza kukaa bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo, na dozi zinazorukwa zinaangusha wengi ambao dawa yao ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Muulize pia moyo wake ukoje kila mara, sonona inawapata sana, na dawa ya kifafa iitwayo levetirasetamu inaweza kumfanya mtu awe na hasira au huzuni isiyo yake, ila uliza kwanza yuko na nani hapo chumbani.

Na kabla ya yote chukua namba ya mtu wa pili, laini ikikata unapiga huko.