Nobel, Kebo Iliyolegea na Nyinyi Walimu Wapya wa Fizikia

Wadogo zangu mlioripoti muhula huu, na nyinyi wa BTP, wanachuo wa mazoezi ya kufundisha, ambao bado mnaogopa kukalia viti vya ofisi ya walimu: kaeni, viti ni vya serikali. Nina maneno.

Juzi nilipita dirishani kidato cha sita PCM, wale wa fizikia, kemia na hesabu, nikaona ubaoni, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: "Mwaka 2013 wanasayansi wa CERN walipewa Nobel kwa kugundua chembe ya Mungu." CERN ni ile maabara kubwa ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Sentensi moja, makosa mawili, na darasa zima linanakili. Nikapita kimya, maana mwalimu hasahihishwi mbele ya wanafunzi wake. Lakini mdahalo wa klabu ya sayansi umekaribia, mada ni ileile, kama ugunduzi wa Higgs, jina halisi la chembe hiyo, ulistahili Nobel, na kila mwaka mwalimu mpya anatumbukia shimo lilelile. Nalijua kina chake kwa sababu nililala humo.

1. Aliyewaza na aliyeona si mtu mmoja. Nobel ya 2013 walipewa wazee wawili, François Englert na Peter Higgs, kwa hoja ya namna chembe zinavyopata uzito, waliyoiandika mwaka 1964. CERN ilitajwa kwenye maelezo ya tuzo, basi, pesa haikuiona.

2. "Chembe ya Mungu" iacheni nyumbani. Ukiiandika ubaoni, nusu ya kipindi utakuwa unaamua ugomvi wa watoto wa madrasa na wa kwaya, na Higgs mwenyewe hakulipenda jina hilo.

3. Usitoe tuzo kabla mzigo haujapanda mizani. Hapa mnivumilie.

Septemba 2011 nilikuwa na mwaka wa pili kazini, hapa hapa Lindi, na shati nililipiga pasi kila siku. Redioni wakatangaza kwamba kikundi cha OPERA kimepima neutrino, chembe ndogo mno zinazopenya hata mwamba, zilizotoka CERN hadi Gran Sasso, Italia, kilomita 730 hivi chini ya ardhi, na zimefika mapema kuliko nuru kwa nanosekunde 60 hivi. Katika muda huo nuru inakwenda kama mita 18, madarasa mawili tu. Kwangu zilitosha. Jumatatu nilikuwa mwalimu wa zamu. Baada ya wimbo wa taifa nikasimama mbele ya paredi, nikawaambia watoto wa watu kwamba Einstein, aliyesema hakuna kinachoipita nuru, ameangushwa, na Nobel ya mwaka unaofuata ina wenyewe. Mwalimu mmoja mzee wa hesabu akaniuliza, "Umeipima wewe?" Nikamwekea dau la kreti la soda.

Wale wa OPERA hawakusema Einstein amekosea. Waliwaomba wenzao wawakague. Mimi wa Lindi ndiye niliyekuwa na uhakika!

Februari 2012 habari zikatoka: kebo ya faiba iliyounganisha kipokea-GPS na saa yao haikukazwa vizuri. Kebo. Mimi kila wiki kwenye praktiko nawagombeza watoto waangalie hitilafu ya sifuri, yaani kama chombo kinaanzia sifuri kweli, kabla ya kusoma vernia, na nikaumwa na kitu hicho hicho. Kiongozi wa kikundi kile alijiuzulu Machi. Na mimi? Nilinyamaza. Hili ndilo linalonichoma mpaka leo, si lile la paredi. Nilikuwa na Machi, nilikuwa na Aprili, nilishika zamu mara mbili, na kila mara nikatangaza habari za ufagio na michango ya uji.

Julai 4 CERN wakatangaza chembe mpya, ile ya Higgs. Muda si mrefu tukaalikwa mdahalo Mtwara: ugunduzi huu unastahili Nobel au haustahili? Msemaji wetu alikuwa binti mmoja wa kidato cha sita, mkali kama pilipili kichaa. Akapinga. Akasema inayostahili ni neutrino ya mwaka jana, iliyomwangusha Einstein, kama alivyofundishwa. Kijana wa upande wa pili akasimama taratibu, akasema, "Dada, kebo ililegea." Akaeleza yote. Ukumbi ukaangua kicheko. Binti yule hakuwatazama majaji. Alinitazama mimi, safu ya pili, na tai yangu.

Kwenye basi hakusema kitu Mikindani, hakusema kitu njia nzima. Tulipofika Mnazi Mmoja wauza korosho wakajaa madirishani, ndipo akauliza: "Mwalimu, ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilijua tangu Februari. Akageukia dirishani, akanunua korosho za mia tano, hakunikaribisha.

Kwetu huku mnaijua kangomba: unanunua korosho nje ya mnada, kwa bakuli, mizani hujaiona. Ndivyo nilivyoununua ugunduzi ule. Na msinijie na hoja ya sigma, ile hesabu ya kupima kama matokeo ni bahati tu: ikiwa kubwa, bahati ni ndogo. OPERA walidai sigma sita, Higgs ilitangazwa na sigma tano. Sigma inapima bahati, haipimi plagi iliyolegea. Ukirudia kipimo mara elfu kwa rula iliyokatika ncha, utapata kosa lilelile kwa uhakika mkubwa. Kilichoiokoa Higgs ni kwamba mitambo miwili tofauti, ATLAS na CMS, yenye watu tofauti, kwenye handaki moja la kilomita 27, iliona uvimbe kwenye grafu karibu pale pale, kwenye GeV 125 hivi, kipimo cha uzito wa chembe. Kwa hiyo mkiniuliza mimi, ulistahili. Soda nililipa, kreti zima, na mzee wa hesabu akawagawia watoto mbele yangu.

4. Swali gumu ni nani alistahili, na hapo waacheni watoto wapigane. Nobel ya fizikia haizidi watu watatu na haitolewi kwa marehemu. Robert Brout, aliyeandika hoja ile pamoja na Englert, alifariki 2011, akakosa. Guralnik, Hagen na Kibble nao waliandika mwaka huohuo wa 1964, wakakosa. Na wale maelfu wa mitambo? Msiwadanganye watoto kwamba waonaji hawapewi kamwe: Carlo Rubbia na Simon van der Meer walipewa 1984, mwaka mmoja baada ya chembe za W na Z kuonekana CERN.

Mwaka jana mtoto mmoja wa kidato cha tano aliwamaliza wote kwa mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa hapa kwetu Lindi. Akasema Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, babu zetu wakabeba mifupa kichwani hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi amesimama Berlin. Ukiuliza nani aligundua unatajiwa maprofesa. Boheti bin Amrani, aliyesimamia wachimbaji, nani anamtaja? Basi na wale elfu tatu wa ATLAS ni wabeba mifupa. Majaji walisahau kupiga kengele. Sikubaliani naye moja kwa moja, maana wale wana mishahara na majina yao yapo kwenye machapisho, lakini jibu la kumshinda sina.

5. Wakiuliza Higgs inasaidia nini korosho, semeni haisaidii, endeleeni.

6. Saa ya mdahalo ikaguliwe betri.

Kijana wa BTP, ile sentensi yako bado iko ubaoni, nimemzuia kiranja asiifute. Kipindi cha kwanza kesho ni chako. Chaki zipo kabati la chini, la juu limeng'oka komeo.