Podikasti za mbio: kabla hujamwachia mtu sikio lako kilomita ishirini

Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, nilipoteza wiki sita za mazoezi kwa sababu ya kipindi kizuri. Nasema kizuri kwa dhati: mtangazaji alikuwa mjuzi, mgeni wake mjuzi zaidi, na kila walichosema kilikuwa kweli. Walikuwa wakieleza mazoezi ya wakimbiaji wa Norwei, ule mfumo ambao Marius Bakken, daktari na mkimbiaji wa zamani wa mita 5,000, alisaidia kuujenga, kisha ndugu wa familia ya Ingebrigtsen wakaufanya ujulikane duniani. Siku moja unakimbia vipande, yaani mbio fupi fupi zenye mapumziko katikati, mara mbili, asubuhi na jioni, kwa kasi ya kizingiti, yaani kasi ngumu kiasi ambayo ukikaza ungeweza kuishikilia kama saa nzima. Katikati ya vipande mtu anakutoboa kidole au ncha ya sikio na kupima laktati, kitu kinachoongezeka kwenye damu kadiri unavyokaza, usije ukavuka mpaka.

Mimi sikuwa na wa kunitoboa sikio. Nilikuwa na saa ya mkononi, joto la Dar la Januari na kazi ya ofisini inayoanza saa mbili. Nikaenda hivyo hivyo, Jumanne na Alhamisi, alfajiri juu ya Daraja la Tanzanite, jioni barabara ya mtaani kwetu. Wiki ya tatu ugoko wa kulia ukaanza kuuma. Palikuwa na sehemu moja, upana wa kidole gumba, nikiibonyeza machozi yananilenga. Mtaalamu wa fiziotherapia aliponiuliza nani kanipa programu ile, nilikosa jina la kumtajia. Hakuna aliyenipa. Watu walikuwa wakizungumza na wenzao, mimi nikapita nikasikia.

Kwa hiyo mwenzangu mmoja wa klabu aliponiambia wiki iliyopita, "Dada, nitumie orodha ya podikasti za mbio, mbio ndefu zinanichosha kichwa kabla ya miguu," sikumtumia orodha siku ile. Nilimwandikia kwanza haya ninayowaandikia ninyi.

Swali la kwanza kabisa ni hili: huyu mtu anazungumza na nani? Vipindi vingi vya mbio vinatoka Marekani, Uingereza na Australia, na msikilizaji aliye kichwani mwa mtangazaji ana majira ya baridi, ana njia ya kukimbilia isiyopitiwa na bodaboda, na mara nyingi ana mashine ya kukimbilia ndani. Si kosa lake. Lakini akisema "kimbia alfajiri, joto litakuwa limekwisha," anasema ukweli wa kwao. Sisi wa pwani tunajua alfajiri ndipo unyevu wa hewa unapokuwa juu kabisa. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kilomita ya nane fulana unaikamua kama umetoka kuogelea, na mapigo ya moyo yamepanda ilhali kasi ni ile ile.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia mpaka leo. Nikikutana na kipindi kipya, sianzi na kile cha wiki hii. Natafuta kwenye vipindi vyao vya nyuma kile kinachozungumzia joto, kwa sababu joto nalijua kwa ngozi yangu. Mtangazaji anayeeleza unyevu, anayesema mwili unahitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea, anayekuruhusu upunguze kasi bila kuona umeshindwa, huyo nampa nafasi. Anayeishia kwenye "kunywa maji mengi" namwacha. Ukiwa unaishi Arusha au Iringa tumia milima na mwinuko. Ukiwa muuguzi wa zamu za usiku tafuta walichosema kuhusu usingizi. Mpime mtu kwa jambo unalolijua wewe, ndipo umwamini kwa usilolijua.

Ambacho kimepita kipimo hicho kwangu bila shida ni The Real Science of Sport, cha Ross Tucker, mwanasayansi wa michezo wa Afrika Kusini, na mwandishi Mike Finch. Kinazungumzia michezo mingi, si mbio peke yake, na vipindi vyake ni virefu. Ninachokipendea ni kwamba Tucker anakueleza amefikaje kwenye jibu lake. Viatu vyenye sahani ya kaboni, dawa za kusisimua misuli, kwa nini rekodi zinashuka: unatoka ukiwa na namna ya kufikiri unayoweza kuibeba kwingine. Kwa majeraha na mazoezi ya nguvu, Strength Running cha kocha Jason Fitzgerald kilinisaidia sana zile wiki sita. Ndicho kilichonifanya nianze kufanya squati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, na kunyanyua visigino ngazini, kazi niliyokuwa nikiikwepa miaka yote.

Halafu kuna vipindi vya mazungumzo, na hivi navitetea. Wapo wanaoona ni kupoteza bando. Lakini saa mbili na nusu za Jumapili ni nyingi, na akili iliyochoka haitaki somo. Nobody Asked Us cha Des Linden na Kara Goucher ni wanawake wawili wanaojua wanachokisema. Linden alishinda marathoni ya Boston 2018, kwenye mvua na upepo wa baridi uliowaondoa wengi. Goucher ana medali ya fedha ya mita 10,000 ya mashindano ya dunia ya Osaka 2007. Wanabishana, wanacheka, wanasema wazi mambo ya fedha na mikataba ambayo mkimbiaji aliye bado kazini huogopa kuyasema. Kusikia wanawake wakizungumza kuhusu mwili, uzazi na njaa bila kunong'ona kulinifaa kuliko makala nyingi nilizosoma.

Sasa namna ya kusikiliza, kwani kipindi sahihi kwenye mbio zisizo zake kinaharibu vyote viwili. Mimi husikiliza kwenye mbio za polepole tu. Siku ya vipande naacha hedifoni nyumbani, nahitaji kusikia pumzi yangu na kishindo cha nyayo. Nyayo zikianza kupiga kwa kelele najua mkao wangu wa kukimbia umevunjika. Na kwenye mbio za polepole mtangazaji ana kazi ya pili: namjibu kwa sauti. Akiuliza swali namjibu sentensi nzima, hapo barabarani. Nikishindwa kuimaliza bila kuhema, ninakwenda kasi mno. Watu wa Coco Beach wamenizoea. Makocha wengi hukuambia ukimbie kwa mwendo unaoweza kuongea, lakini anayekimbia peke yake huwa hana wa kuongea naye, na hapo ndipo anapojidanganya.

Weka hedifoni sikio moja tu. Ukikimbia upande wa kulia wa barabara, ukitazamana na magari, weka la kulia na uache la kushoto wazi, maana barabara iko kushoto kwako, na bodaboda anayepita asipotakiwa atatokea nyuma yako bila taa. Zile hedifoni zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio ni nzuri zaidi kama mfuko unaruhusu. Pakua vipindi usiku ukiwa na WiFi. Na kama Kiingereza cha mtangazaji kinakimbia kuliko wewe, programu nyingi zina sehemu ya kupunguza mwendo. Punguza, huna deni na mtu.

Jambo linaloniuma zaidi ni matangazo. Mtangazaji huyo huyo, kwa sauti ile ile aliyokufundishia, anakugeukia na kukwambia unga fulani wa kijani ndio siri ya asubuhi yake. Wengine hutenganisha kwa uaminifu, wengine huchanganya mpaka hujui ushauri umeishia wapi. Kwa hiyo ninachosikia kuhusu chakula nakipitisha kwenye swali moja: naweza kukipata sokoni Kariakoo? Kipindi kizuri hukupa kiasi, kwamba kwenye mbio za zaidi ya saa moja na nusu mtu hulenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na waliozoea hufika 90. Ukishapewa kiasi uko huru. Ndizi moja ya wastani ina gramu kama 25. Mimi hubeba tende nne zilizotolewa kokwa, kwenye mfuko mdogo wa nailoni mfukoni mwa nyuma. Ikifika kilomita ya kumi zimekuwa laini na moto, zinashuka kwa funda moja la maji.

Na majina. Sikiliza wanavyotaja majina yetu. Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, 2:09:48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, akamzidi kwa sekunde 0.03. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Siku ile nilifungua kipindi nilichokuwa nakipenda, nikasubiri. Walimzungumzia Petros kwa kirefu, alikosea wapi, alihisi nini. Simbu walimpa sentensi mbili na jina lake wakalivunja. Nilikitoa kwenye simu jioni hiyo na sijakirudia. Si kwa hasira. Anayeona mbio ndefu ni habari ya watu wa aina moja na wengine ni "Waafrika wa mashariki" atakufundisha nusu ya mchezo. Anayeijua historia atakutajia Juma Ikangaa bila kuulizwa: wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, mara ya kwanza, 1988, kwa sekunde moja nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein, kisha bingwa wa New York 1989 kwa 2:08:01.

Kwa Kiswahili bado sijapata podikasti ya mbio peke yake ya kunishika wiki hadi wiki. Ninachofanya ni kutafuta mahojiano ya wanariadha wetu na wa Kenya kwenye YouTube na kwenye vipindi vya michezo vya redio, nikayapakua sauti tu. Wakiongea Kiswahili ni watu wengine kabisa. Kwa Kiingereza wanajibu kwa ufupi na adabu. Kwa Kiswahili wanaeleza walivyoamka na mguu mzito, nani aliwavuta kwenye kundi, walikula nini jana yake, na kocha aliwagombezaje.

Mwenzangu yule sasa anavyo vipindi vitatu tu kwenye simu, na nimemwomba abaki na vitatu mpaka mwisho wa mwaka. Nimemwomba na jambo jingine, nanyi nawaomba. Mitaani kwetu wapo wazee waliokimbia enzi za mkimbiaji wetu Filbert Bayi na za Ikangaa, majeshini, magerezani, mashuleni, na hakuna aliyewahi kuwawekea simu mezani. Mwekee mmoja chai, bonyeza kitufe cha kurekodi, muulize alikuwa anafanya nini siku za Jumanne. Nitumie. Nina kilomita 24 Jumapili na sikio la kulia, lile la hedifoni, linasubiri.