Kabla ya kusaka makala, tafuta jina la mada yako

Nilipoanza tasnifu yangu nilikuwa na mada niliyoipenda kweli: upweke wa wazee waliostaafu. Nikajikalisha mbele ya kompyuta ya maktaba, nikaandika maneno yangu, na matokeo yakamiminika maelfu kwa maelfu. Siku tatu nikawa napakua tu. Nilishafikisha makala arobaini na kitu, najiona mtafiti, mama mkutubi aliyekuwa akirudisha vitabu kwenye rafu alipochungulia kioo changu akaniuliza:

"Mwanangu, huyo mzee wako yuko peke yake, au anajisikia yuko peke yake?"

Sikuwa na jibu. Kiswahili chetu kilinizunguka hapo. Tukisema upweke, tunaweza kumkusudia mtu anayeishi bila mwenzake, na tunaweza pia kumkusudia yule aliyezungukwa na watoto na wajukuu lakini moyoni hana mtu. Watafiti walishatenganisha mambo hayo siku nyingi: ile hisia wanaiita "loneliness", na hali ya kukosa watu wa kuonana nao wanaiita "social isolation". Hata hisia yenyewe, mwanasosholojia Robert Weiss aliigawa mara mbili mwaka 1973: kuna upweke wa kukosa mtu wa karibu wa moyo, na upweke wa kukosa kundi la kujumuika nalo. Kumbe karibu nusu ya mzigo wangu ulihusu kitu nisichokuwa nakitafuta.

Tangu siku hiyo sianzi na kanzidata, yaani hazina ya makala ya kwenye kompyuta, naanza na neno. Nachukua ensaiklopidia ya saikolojia au ya sosholojia, nasoma kurasa mbili tatu, na kila jina ambalo wenye fani wanakiita kitu changu naliandika kwenye karatasi. Halafu ndipo nafungua orodha ya istilahi ya kanzidata yenyewe, kwa sababu kila moja ina msamiati wake. PubMed, kanzidata ya makala za tiba, inatumia orodha iitwayo MeSH, na humo "Aged" ni mtu wa miaka 65 na kuendelea. Sasa fikiria wastaafu wako wana miaka 60: ukichuja kwa neno hilo umewatupa nje kwa mkono wako mwenyewe, kisha utaandika kwamba "tafiti ni chache". PsycINFO, ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ina kamusi yake ya istilahi. ERIC, ya mambo ya elimu, nayo ina yake, tena ni ya bure.

Kuunganisha maneno kwenye kisanduku cha kutafutia ni kazi ya dakika tano kujifunza. Visawe viunganishe kwa OR, mawazo mawili tofauti kwa AND, kirai funga kwa alama za mtajo. Kinyota hukata mkia wa neno: retir* italeta retired, retirement na ndugu zao wote. NOT iogope kidogo, maana huondoa hata makala nzuri iliyolitaja neno hilo mara moja tu kwa kupita.

Google Scholar naitumia, wala sioni haya. Ila haina orodha ya istilahi ya kukushika mkono, kwa hiyo kwangu ni chombo cha kufuatia nyayo. Nilipata makala moja nzuri, ya Julianne Holt-Lunstad na wenzake ya mwaka 2010 katika PLoS Medicine, iliyokusanya tafiti 148 kuhusu mahusiano ya kijamii na vifo. Jarida hilo linasomwa bure. Marejeleo yake yalinirudisha nyuma, na orodha ya waliokuja kuinukuu baadaye ikanipeleka mbele. Makala hiyo moja ilinifaa kuliko zile arobaini.

Na rafu usizidharau. Kwa mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, saikolojia ya uzee iko 155.67, wazee kama kundi la jamii wako 305.26, huduma kwa wazee ziko 362.6, na tiba ya wazee iko 618.97. Mada moja, pembe nne za jengo. Nilikuwa nazunguka kwenye 150 tu nikidhani nimemaliza.

Ukikutana na ukurasa unaodai pesa, usilipe haraka. Angalia kama kuna nakala PsyArXiv au SocArXiv, tovuti ambako watafiti huweka nakala za bure, weka kwenye kivinjari chako Unpaywall, kijiprogramu kinachokutafutia nakala halali ya bure, uliza kama chuo chako kimo Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu, omba maktaba iazime kutoka maktaba nyingine. Au mwandikie mwandishi barua pepe. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anataka kuwasoma.

Pamoja na kujua yote hayo, niliteleza kwenye kipimo. Dodoso langu lilitumia kipimo cha upweke cha UCLA, yaani maswali ishirini yenye jina la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na nikaandika kwamba ni kile cha mwaka 1978, kwa kuwa ndivyo nilivyokuta kwenye makala ya mtu mwingine. Makala ya asili sikuifungua. Siku ya utetezi mtahini akafunua kiambatisho, akasoma kimyakimya, akaniuliza mbona maswali ya 1978 yote yalielekea upande wa upweke, na yangu tisa kati ya ishirini yameelekea kinyume. Nikaanza kutafuna maneno. Maswali yangu yalikuwa ya toleo la tatu, la mwaka 1996.

Nikarudishiwa tasnifu nirekebishe. Makala ya 1996 ilikuwa maktaba ileile, na kuipata hakukunichukua hata nusu saa.