Shabu kwanza, klorini baadaye: maji ya ziwa yanataka vipimo

Chota maji ya Ziwa Victoria saa kumi na mbili asubuhi, yaweke kando. Chota mengine palepale saa tisa alasiri. Yapime yote pH, kipimo cha uasidi ambacho 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi na juu yake ni besi, utakuta hayafanani. Ya asubuhi huwa karibu na 7.5 au 8. Ya alasiri, hasa kwenye ghuba yenye ukijani, yanaweza kufika 9. Sababu ni mwani. Mchana mwani hunyonya kabonidayoksaidi iliyoyeyuka majini ili kujitengenezea chakula, na gesi hiyo ndiyo inayoyapa maji uasidi kidogo. Ikipungua, pH inapanda. Usiku mwani unapumua, gesi inarudi, pH inashuka tena.

Hapo ndipo ushauri wa "zungusha jiwe la shabu mara tatu kwenye ndoo" ili maji yatakate unapofaulu leo na kushindwa kesho. Maji yamebadilika, mkono umebaki uleule. Nashauri kila nyumba inayotegemea maji ya ziwa, na kila maabara ya shule kuanzia Igoma mjini Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, iache kukisia kwa macho. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, mizani ya duka, madumu na chupa tupu za maji.

Kabla ya kushika shabu, yajue maji yenyewe. Ziwa Victoria linalishwa zaidi na mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake kuliko na mito, na mawe yanayolizunguka Mwanza ni ya granaiti, ambayo haiyeyuki upesi. Kwa hiyo maji yake ni laini. Sabuni hutoa povu mara moja, tofauti na maji ya visima vingi, ambako unasugua na kubaki na utando mweupe wa kalsiamu. Ulaini huo una upande wa pili: bikaboneti ni kidogo, na bikaboneti ndiyo inayozuia pH isiyumbe unapotia asidi. Shabu ni asidi. Ukiizidisha kwenye maji ya ziwa, hakuna cha kukuzuia.

Sasa shabu inafanya nini? Chembe za udongo zilizomo majini zina chaji hasi, nazo husukumana, kila moja ikimkimbia mwenzake. Ndiyo maana ndoo ya maji ya tope inaweza kukaa siku tatu bila kutuama. Shabu ikiyeyuka hutoa ioni za alumini, yaani chembe ndogo mno zenye chaji, kila moja chanya tatu. Hizo huzimua chaji ya chembe, kisha hushirikiana na bikaboneti kutengeneza hidroksidi ya alumini, kitu cheupe kinachonata, laini kama pamba iliyochambuliwa. Mabonge hayo huzoa udongo, mwani na vijidudu vingi, yakazama navyo chini. Shabu hufanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7.5. Chini ya hapo au juu sana, alumini inabaki imeyeyuka: mabonge hayajengeki, na wewe unakunywa hiyo alumini.

Anza na mchanganyiko wa akiba. Pima gramu 50 za shabu iliyopondwa, yeyusha kwenye lita moja ya maji safi ya vuguvugu, mimina kwenye dumu la lita 5, ongeza maji hadi lijae, tikisa. Kila mililita moja sasa ina miligramu 10 za shabu. Nimechagua gramu 50 kwa makusudi. Mizani ya duka haiaminiki kwenye gramu 5, ila kwenye 50 kosa lake ni dogo. Andika tarehe kwenye dumu, na baada ya wiki moja tengeneza jingine.

Kata vichwa vya chupa sita za plastiki zinazoonyesha ndani, kila moja utie lita moja kamili ya maji ya ziwa ya siku hiyo. Ya kwanza itie mililita 1 ya akiba, ya pili 2, hivyo hivyo hadi ya sita. Umepata miligramu 10, 20, 30, 40, 50 na 60 kwa lita. Koroga kila chupa kwa nguvu kwa dakika moja ili shabu isambae kabla haijaanza kuganda. Kisha punguza mkono: koroga taratibu dakika 15, mzunguko mmoja kila sekunde mbili. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Ukiendelea kukoroga kwa nguvu, unayavunja mabonge yaleyale uliyoyatengeneza, na mabonge yaliyovunjika hayaungani tena vizuri. Ukiacha kukoroga mapema mno, chembe hazikutani. Zile dakika 15 zinachosha mkono, na hakuna njia ya mkato.

Ziache zitulie nusu saa, kisha inama uziangalie kwa upande, mwanga ukiwa nyuma yake. Kwenye chupa yenye shabu kidogo utaona ukungu uleule. Kwenye chupa nzuri utaona mabonge ya ukubwa wa kichwa cha pini yamelala chini kama theluji ya friji, na maji ya juu unasoma nayo gazeti lililo upande wa pili. Kwenye chupa iliyozidishwa ukungu unaweza kurudi, mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Chagua chupa yenye shabu ndogo zaidi iliyotakata. Tuseme ni ya nne, mililita 4 kwa lita: ndoo ya lita 20 itataka mililita 80.

Ukionja maji yakakakata ulimi kama ndizi mbichi, umezidisha. Bikaboneti imekwisha, pH imeshuka. Usijaribu kurekebisha kwa kutia magadi ndani ya maji ya kunywa kwa kukisia. Mwaga, anza upya kwa kipimo kidogo. Na kama mabonge yanaelea badala ya kuzama, hilo ni tatizo la maji ya alasiri yenye mwani. Baadhi ya mwani wa ziwani una vifuko vya hewa, na viputo vya oksijeni hujishika kwenye mabonge yakapanda juu. Chota asubuhi, yatazama.

Mbegu za mlonge nazo hugandisha tope, ila huacha masalia ya mmea majini, na maji hayo yakikaa zaidi ya siku moja huanza kunuka.

Kuna maji ambayo hayafai kutibiwa nyumbani kabisa. Karibu na mdomo wa mto Mirongo, hasa baada ya mvua, unachota uchafu wa mji mzima. Na maji ya kijani yaliyokolea, yenye utando kama rangi ya mafuta ufukweni, yana mwani unaoweza kubeba sumu. Sumu hiyo haiuawi kwa kuchemsha. Kuchemsha hupasua seli za mwani na kuimwaga yote majini, kisha maji yanapopungua sufuriani inazidi kukolea. Shabu ina faida hapa kwa sababu huzamisha seli zikiwa nzima, lakini sumu iliyokwisha kuyeyuka haiigusi. Maji ya namna hiyo yaache, hata kama ndiyo yaliyo karibu.

Shabu peke yake haiui vijidudu vyote. Maji yaliyotakata bado yanataka kuchemshwa au klorini. Kwa wanaochemsha: Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Dar es Salaam, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 za Selsiasi. Yanatosha. Yakitokota sawasawa kwa dakika moja, vijidudu vya maradhi vimekwisha. Nawaomba walimu mliangalie hili kwenye madaftari ya maabara. Mwanafunzi anasoma 96 kwenye kipimajoto, anaogopa, anaandika 100 kwa sababu kitabu kimesema 100. Kipimajoto chake hakikukosea, na kumpa alama kwa 100 ni kumfundisha kutoamini anachokiona.

Kwa klorini, mpangilio ni sharti: kwanza shabu, kisha kutuama, kisha kumimina maji ya juu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo klorini. Klorini haichagui. Inaunguza mwani, majani yaliyooza na tope lenye masalia ya viumbe kama inavyounguza kijidudu cha kipindupindu. Ukiitia kwenye maji machafu, inaisha kabla ya kufika kwenye kijidudu, na ndani ya bonge la tope kijidudu kinajificha isikifikie. Kidonge cha kutibu maji cha miligramu 67 (si zote klorini), kile cha ndoo ya lita 20, hutoa kama miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Hicho ni kipimo cha maji yaliyotakata.

pH inarudi tena hapa. Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji mkali, na ioni ya haipokloraiti, ambayo ni dhaifu. Kwenye pH 7.5 zinakaribia nusu kwa nusu. Kwenye pH 8 ile kali inabaki kama robo hivi. Kwenye pH 9 ni sehemu tatu hivi kwa mia. Kidonge kimoja, ndoo ileile, na nguvu inapungua mara nyingi kwa sababu ya saa uliyochota maji. Shabu iliyopimwa vizuri hushusha pH kidogo na hivyo kuisaidia klorini. Maji yakiwa chini ya pH 8 subiri nusu saa. Kama hujapima, subiri saa nzima.

Kupima pH bila vifaa, choya, wengine huiita rozela, inasaidia. Loweka konzi ya maua makavu kwenye nusu kikombe cha maji moto, acha ipoe, chuja. Kwenye asidi ya limau ni nyekundu, kwenye maji ya kawaida huelekea zambarau iliyofifia, kwenye maji ya majivu inakuwa kijani. Tia matone mawili tu kwenye nusu glasi ya maji ya ziwa. Choya yenyewe ni asidi, na kwa kuwa maji yetu hayana bikaboneti ya kutosha, matone kumi yatashusha pH ya glasi nzima, ubaki unaipima choya. Ili ujue kijani chako ni cha ngapi, tengeneza glasi ya kulinganishia: maji safi yenye magadi ya kuumulia, soda ya mikate, ambayo hukaa karibu na 8.3.

Wanaotumia dawa ya maji ya kung'arishia nguo (bleach) badala ya kidonge wachague isiyo na manukato wala rangi, na wakumbuke kwamba haipokloraiti huoza kwa joto na mwanga. Chupa iliyokaa dirishani dukani Kirumba miezi kadhaa haina tena nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Shule yenye bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo na koki, inaweza kuipima, nalo ni zoezi zuri kuliko asidi na besi zilezile za kila muhula.

Chukua mililita 10 za dawa, ongeza maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke, hadi mililita 100. Kwa pipeti hamisha mililita 10 za mchanganyiko huo kwenye chupa ya koniko. Tia gramu 1 ya potasiamu iodaidi kwanza, itikise iyeyuke, ndipo utie mililita 10 za siki nyeupe. Usigeuze mpangilio huo: haipokloraiti ikikutana na asidi bila iodaidi inatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu, na kipimo chako kinapotea hewani. Kwa sababu hiyohiyo dawa hii isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo. Maji yatakuwa ya kahawia. Hiyo ni iodini. Dondosha sodiamu thayosalfeti ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kutoka bureti hadi rangi ifike ya chai ya rangi iliyozimuliwa sana, karibu na ya majani makavu. Hapo ndipo utie matone kumi ya wanga uliochemshwa. Inakuwa bluu nzito. Endelea tone kwa tone hadi bluu itoweke.

Ukitia wanga mapema, iodini nyingi inanasa humo na inaachia polepole. Utapita mwisho bila kujua. Na bluu ikirudi baada ya dakika chache, usiongeze tone. Ni hewa inayoigeuza iodaidi iliyobaki kuwa iodini. Kipimo chako kilikwisha mara ya kwanza ilipotoweka.

Kila mililita ya thayosalfeti ni sawa na miligramu 3.55 za klorini, na ulichopima kina mililita 1 ya dawa halisi. Ukitumia mililita 10.0, dawa ina miligramu 35.5 kwa mililita, yaani asilimia 3.5 hivi, na ndoo ya lita 20, inayotaka miligramu 40, itatiwa mililita 1.1. Ukitumia mililita 6.0 tu, dawa imeshuka hadi miligramu 21.3, na ndoo ileile sasa inataka mililita 1.9. Andika namba hiyo kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe, uifunge kwa gazeti na kuiweka kabatini, na baada ya miezi miwili uipime tena.