Usimkabidhi daftari Jumapili

Dada, usimpe. Nimesoma ulichoandika na damu ikanichemka. Shemeji yako amekula pesa ya likelemba, yaani upatu wenu, ameungama mbele ya wazee wa kanisa, machozi yamemtoka, na sasa wanataka Jumapili umkabidhi tena daftari na sanduku "kama alama ya msamaha". Alama gani hiyo? Msamaha ni wako, utoe hata leo. Pesa ya sandukuni ni ya wamama wa mtaa wa Kadutu.

Mimi nilikuwa na depo ya bitenge hapa Bukavu, na aliyekuwa akiuza kwa niaba yangu ni kijana wa kwaya. Akaiba, nikamkamata, akalia. Nikamsamehe, na hilo silijutii. Balaa lilianza mchungaji alipotuita. "Mama, msamaha bila kurudisha funguo ni msamaha wa midomo. Na wewe utasamehewaje?" Nani anataka kuingia jehanamu kwa ajili ya kufuli? Nikatoa funguo palepale, vigelegele vikapigwa, mama mchungaji akaleta Fanta. Sidhani kama Bukavu imewahi kunywa Fanta ya bei ile.

Kabla ya sikukuu nikaenda kuhesabu mali. Katoni zimepangwa mpaka karibu na dari, utepe wa juu haujaguswa. Nikavuta ya mbele: bitenge. Inayofuata: bitenge. Nikainua ya nyuma kwa nguvu zangu za siku zote, nusura nianguke chali, maana ilikuwa nyepesi kama kofia. Ndani ni matambara na magunia makuukuu. Nikainua ya pembeni, hivyohivyo. Safu yote ya ukutani ilikuwa maonyesho tu! Kijana alikuwa akizifungua kwa chini, anatoa, anajaza matambara, anazisimamisha tena vizuri na uso wake wa kwaya. Na sehemu kubwa ya mali ile nilikuwa nimekopeshwa na mfanyabiashara wa Goma. Yeye si mshirika wa kanisa letu, na Fanta hakuonja.

Mchungaji nilipomwendea alisema Mungu atanirudishia mara mia. Nikamwomba anikopeshe ile mara ya kwanza tu, akakumbuka kuna mgonjwa wa kumtembelea. Hasira yangu kwake ilichelewa kuisha kuliko ya mwizi mwenyewe, nisidanganye. Mtu anayekusukuma utoe funguo angetia sahihi yake kwenye deni.

Halafu wanakubana kwa Mathayo 18:22, saba mara sabini. Sawa, samehe. Lakini mbona mstari wa 15 hadi 17 wa sura hiyohiyo wanauruka, pale Yesu anaposema ndugu aliyekosa aendewe, aonywe, waletwe mashahidi? Na Zakayo, Luka 19:8, alisema mwenyewe kwamba aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Machozi hayakuandikwa hapo.

Ila ninayetaka umsome kabla ya Jumapili ni Daudi, 1 Samweli 26. Usiku anamkuta Sauli, mfalme anayemwinda amuue, amelala, mkuki umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake. Hamgusi. Anachukua mkuki na gudulia la maji, anaenda kusimama mbali juu ya kilima ndipo anaita. Sauli anaungama vizuri kabisa, nimekosa, rudi mwanangu Daudi, sitakudhuru tena. Daudi anajibu nini? Kijana mmoja na avuke, aje achukue mkuki. Mkuki ukarudi, Daudi akashika njia yake. Sura inayofuata amemkimbia Sauli, yuko kwa Wafilisti! Nani atasema Daudi hakusamehe?

Basi wazee wakikusimamisha mbele, mshike shemeji mkono, mwambie umemsamehe, mwombee kwa sauti wasikie. Daftari liache nyumbani, tena kwa mama mwingine wa likelemba, usije ukalegea wakianza kuimba. Deni liandikwe, mashahidi watie sahihi, alipe kidogokidogo mbele yao. Mpaka franka ya mwisho, hakuna daftari.

Na kuna kitu sikukiona katika maelezo yako yote marefu: tangu aungame, amesharudisha ngapi?