Muulize Fundi: Waya omu 100, spika omu 8

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nasimamia vyombo vya kwaya yetu. Spika ni za omu 8, ziko mita 20 toka kwenye amplifaya, na sauti imefifia. Fundi mmoja kasema waya una impidensi ya omu 100 kwa hiyo hauendani na spika, sauti inafika inarudi, eti tufunge rezista na kapasita kule mwisho. Ni kweli?

JIBU: Nzuri dada. Hiyo 100 hajaitunga, impidensi ya waya ni uwiano wa volti na mkondo wa wimbi la umeme linaposafiri ndani yake, na waya wa kawaida wa nyuzi mbili unacheza humohumo, ila namba hiyo inaleta shida pale waya unapokuwa mrefu ukilinganisha na wimbi lenyewe, na sauti nyembamba kabisa inayosikika na binadamu ni kilohezi 20, ambayo wimbi lake ndani ya waya ni kama kilomita 10! Mita zenu 20 hazigusi hata robo ya robo yake. Kwaya haiwezi kufifia kwa sababu hiyo.

Rezista ya omu 10 ikifuatana na kapasita ya 0.1 mikrofaradi kweli hufungwa kwenye spika, na ina kazi yake. Kwenye kilohezi 20 hiyo kapasita ina kama omu 80, yaani inapitisha kidogo sana, lakini juu huko kwenye masafa ya redio inafunguka na kutuliza amplifaya inayotetema yenyewe. Dalili yake ni amplifaya kuchemka wakati hakuna anayeimba. Kama yenu haifanyi hivyo, tunzeni hela.

Mimi nashuku unene wa waya. Shaba ya milimita za mraba 0.75 kwa mita 20, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa karibu omu 1 (huu ndio unaopimwa kwa multimita, si ile 100), hapo kama asilimia 10 ya nguvu inaishia kuupasha waya moto. Wekeni waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, omu hata 0.3 haifiki, ila angalieni uwe shaba kweli maana siku hizi kuna alumini iliyopakwa shaba juu, ukikwangua kwa wembe unaona weupe ndani.

Kabla hamjanunua chochote zimeni amplifaya, chomoeni waya pande zote mbili, unganisheni ncha mbili za upande wa spika, halafu mpime omu upande wa pili kwa multimita. Ikizidi nusu omu, badilisheni. Ikiwa chini ya hapo waya hauna kosa, kagueni jeki na spika zenyewe.